Wimbo Uliokatika Mferejini

Nakumbuka Jumatatu moja, enzi za Mdachi, ukungu ukiwa bado haujaondoka migombani, Mwalimu Filipo alinigonga vidole kwa kijiti cha mti wa kahawa. Hakunigonga kwa nia ya kuumiza, mwanangu. Alinigonga kama mtu anavyomgonga punda aliyesimama katikati ya njia. Kisha akaketi, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Lazaro, una vidole vya nyani na akili ya panzi. Unaruka, unaruka, na ukitua hujui umetua wapi."

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu yako. Tangu umetoka huko mjini na hilo gita lako jipya, sina raha. Asubuhi umenipa shikamoo ya mbio mbio, sijamaliza hata marahaba, tayari umeshakaa kwenye ngazi na kuanza. Nami nimekaa hapa na chai yangu nakusikiliza. Unapiga chini kwenye shingo ya gita, vizuri. Unapiga juu karibu na tumbo la gita, vizuri pia, tena kwa kasi ya kumshangaza mtu. Lakini katikati! Katikati hapo unanyamaza, unainamisha shingo kutafuta pa kuweka mkono, unapapasa, halafu ndiyo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kimya hicho ndicho kinachonimaliza. Nimekuvumilia siku ya kwanza, nimekuvumilia siku ya pili. Leo sikuvumilii. Weka hilo gita magotini, usilipige, unisikilize.

Mimi nilizaliwa huku huku kwenye mteremko wa Meru, upande wa mawio. Kutoka kwetu mpaka boma la Arusha ilikuwa mwendo wa tangu alfajiri hadi jua la utosini, na huko mnakokuita Kaloleni na Levolosi, mnakopanga vyumba na kupigana vikumbo, kulikuwa na nyasi na ng'ombe wa watu. Nilipofikisha kama miaka ishirini nilibatizwa, nikaitwa Lazaro. Aliyenifundisha kusoma ndiye huyo Mwalimu Filipo, Mchaga wa Machame, mtu mfupi, mwenye miguu ya kutembea na sauti ya kufukuza ngedere shambani. Aliletwa na wamisheni kuwa mwalimu wetu, akajengewa nyumba ya udongo karibu na kanisa, nalo kanisa lilikuwa la udongo vilevile, limeezekwa kwa majani makavu ya migomba.

Filipo alikuwa na gita. Mama mmoja wa Kidachi alimwachia aliporudi kwao Ulaya. Wazee wetu waliliita zeze la Wadachi, na wengine walikataa kabisa kukaa nalo chumba kimoja, maana walisikia kwamba nyuzi zake ni utumbo wa mnyama na hawakujua mnyama gani. Mimi nilipolisikia mara ya kwanza nilisahau kwamba nilitumwa kupeleka mbuzi. Mbuzi walikula maharage ya jirani, nikachapwa, na kesho yake nikarudi tena kusikiliza. Mapenzi hayana macho, na wala hayana mgongo.

Filipo akakubali kunifundisha. Kwanza alinifundisha ngazi ya sauti, ile do, re, mi, hadi unarudi kwenye do ya juu. Kisha akanionyesha kwamba shingo ya gita ina vituo vitano. Katika kila kituo unautuliza mkono mahali pamoja, na vidole vinne vinaipata ngazi nzima bila mkono kusogea. Kituo cha kwanza kiko huku mwanzo, kwenye vyuma vya kwanza, vile vidogo vinavyokatiza shingo. Cha tano kiko kule juu shingo inakokutana na tumbo. Ngazi ni ile ile, sauti ni zile zile, ila njia ya vidole inabadilika.

Basi mimi, mwanangu, nilivijua vituo vyote vitano kabla maharage hayajatoa maua. Sikuzidiwa na mtu. Nilikuwa napita njiani nachezesha vidole kwenye fimbo ya kuchungia, watu wananiona, nami napenda wanione. Debe tupu haliachi kuvuma. Wasichana wakienda kuteka maji walisimama, vijana wenzangu waliniita fundi, nami nikajiona nimemaliza.

Filipo hakuniita fundi. Kila nikimaliza kumwonyesha alisema neno lile lile: "Sasa vuka." Maana yake nitoke kituo kimoja niingie cha pili bila kuukata wimbo. Nami sikuweza. Nilikuwa nikiinua mkono mzima kutoka kwenye shingo, nautupa mbele, naomba Mungu utue panapotakiwa. Wakati mwingine ulitua. Mara nyingi ulitua chuma kimoja pembeni, na sauti ikatoka kama mbuzi aliyekanyagwa.

"Usiinue!" alikuwa akisema. "Kiache kidole kimoja kwenye uzi, kitambae. Kidole hicho ndicho kitakachowaonyesha wenzake njia." Akanipa zoezi: kidole kimoja, uzi mmoja, kutoka chini kabisa kwenda juu, polepole, huku nataja kila sauti kwa jina lake. Do. Re. Mi. Polepole kama mzee anayeteremka korongoni wakati wa mvua. Nilikichukia kitendo hicho kuliko kung'oa visiki. Nilikifanya siku mbili, siku ya tatu nikamwambia, "Mwalimu, watu hawaji kusikiliza kidole kinatambaa."

Ndiyo ile Jumatatu aliyonigonga. Nami, mjinga mimi, badala ya kusikia, nilinuna. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi halikuvunjika guu langu. Afadhali lingevunjika langu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Kulikuwa na mfereji mmoja uliotoka mtoni kule juu msituni, ukapita kwetu, ukateremka mpaka kwa ukoo mwingine tuliowaita watu wa chini. Sisi walituita watu wa juu. Mfereji ulichimbwa na mababu wa pande zote mbili, lakini maji yakipungua watu husahau mababu. Watu wa juu tukawa tunayashika maji siku nyingi kuliko zamu yetu. Watu wa chini wakapanda usiku kubomoa kizuizi. Mtu akatukanwa, mtu akasukumwa. Wazee wa pande zote mbili wakaogopa, si kwa sababu ya matusi, bali kwa sababu ya boma. Tambarare kule chini palikuwa na Kaburu mwenye shamba kubwa, na kila mtu alijua anautamani mfereji ule. Kesi ikifika bomani, Mdachi atasema hawa hawajui kutunza maji, atawachapa kiboko wa juu na wa chini, na mfereji atampa Kaburu. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini wakipigana mbuzi wawili, chui ndiye anayeshiba.

Kwa hiyo washili, yaani viongozi wa koo, walikaa siku nyingi wakakubaliana zamu mpya. Ikapangwa siku ya kupatana, pale pale mferejini, penye jiwe la kuzuia maji. Mshili wetu na mshili wao, Mzee Loti, wangeinua jiwe pamoja, mikono minne kwenye jiwe moja, na maji yateremke. Na kwa kuwa wengi walikwisha kubatizwa na wengi walikuwa bado, haikufaa kuwe na sala tu wala mila tu. Filipo akasema pawe na wimbo ambao wote wataupenda. Msichana wa watu wa chini aimbe, kijana wa watu wa juu ampigie gita, ili kila mtu aone kwamba pande mbili zinaweza kufanya kitu kimoja.

Kijana huyo nilikuwa mimi. Msichana alikuwa Nasinyari.

Nasinyari hakuwa msichana wa kujionyesha. Alikuwa mrefu, mkimya, mama yake mjane, na kaka yake Yakobo ndiye aliyelima kwa ajili ya nyumba nzima. Lakini akifungua kinywa kuimba, hata wazee wenye kuchukia zeze la Wadachi walisogeza viti. Wimbo wenyewe ulianza chini sana, kama mtu anayezungumza na mtoto, kisha ukapanda. Ukapanda tena. Na pale ulipofika juu kabisa ndipo washili walitakiwa kuinua jiwe.

Unaona sasa? Sauti yake ilipanda, na gita lilitakiwa lipande nayo, kutoka kituo cha pili, kwenda cha tatu, kwenda cha nne. Kuvuka mara mbili, mbele ya watu wote.

Tulifanya mazoezi mara tatu kanisani. Na kila tulipofika pale pa kupanda, Nasinyari aliivuta sauti yake kidogo, akaining'iniza hewani mpaka mkono wangu utue, ndipo akaendelea. Mimi sikujua kwamba ananingoja. Nilidhani ni pambo la kuimba! Mara ya tatu akaniambia kwa upole, "Kaka Lazaro, pale juu unaniacha peke yangu. Pumzi yangu haitoshi."

Unajua nilimjibu nini? Hata leo nikikumbuka nataka kujigonga vidole mwenyewe. Nilimwambia, "Mimi niko sawa. Wewe ndiye unayekawia."

Akaifunga kanga yake, akaondoka. Na Filipo aliyekuwa akisikiliza mlangoni alitikisa kichwa, akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa," akaenda zake kuchuma ndizi.

Siku ikafika. Watu walijaa pande zote za mfereji, watu wa juu huku, watu wa chini kule, na kila mtu ameshika jani la isale mkononi, maana isale ndilo jani letu la amani na la kuombea radhi. Kondoo amekwisha kuchinjwa, pombe ya ndizi iko kwenye vibuyu. Mshili wetu na Mzee Loti wameinama, mikono iko juu ya jiwe. Nasinyari akaanza. Nami nikaanza.

Chini nilipiga vizuri, sikufichi. Nilipiga vizuri mpaka nikaanza kuwatazama watu wanavyonitazama. Wimbo ukaanza kupanda. Safari ile Nasinyari hakuivuta sauti kuningoja. Labda alichoka, labda aliyaamini maneno yangu kwamba yeye ndiye anayekawia. Akapanda. Mimi nikainua mkono mzima, nikarusha, nikatua chuma kimoja pembeni. Ikatoka ile sauti ya mbuzi. Nikashtuka, nikainua tena, nikatua pengine, vibaya zaidi. Nasinyari akashtuka, akapotea, akanyamaza.

Mwanangu, hujasikia kimya kama kile. Watu kama mia na zaidi, na kinachosikika ni maji tu yanayogonga jiwe.

Mzee Loti akaondoa mikono yake kwenye jiwe. Akajipangusa kwenye shuka lake taratibu, kidole kwa kidole. Akasema, "Wimbo umekatika mikononi mwa kijana wa juu. Hata kabla ya maji, wimbo wenyewe wameukata. Sisi hatufungui."

Mshili wetu akasema, "Loti, ni mtoto amekosea."

"Mtoto wa nani?" akauliza Mzee Loti. Akalitupa jani lake la isale majini, akageuka. Watu wa chini wote wakamfuata. Nyama ilibaki pale inatoa mvuke, hakuna aliyeionja.

Utasema, kweli watu wazima wavunje patano kwa sababu ya kijana aliyekosea chuma kimoja? Nawe ungekuwepo ungeelewa. Moyo wenye kidonda hutafuta sababu, nami niliwapa sababu nikiwa nimechuchumaa mbele yao na gita magotini.

Yaliyofuata hayakuwa ya kuchekesha. Jiwe likabaki palepale. Jua likapiga. Ulezi wa watu wa chini ukakunjamana, maharage yakaanguka yakiwa na maua. Juma la tatu, Yakobo, kaka yake Nasinyari, akapanda mchana kweupe na vijana wenzake kulitoa jiwe kwa nguvu. Vijana wa juu wakatoka. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimejificha nyumbani kwa aibu, lakini nilisikia kelele. Panga moja likamkata Yakobo begani, mkono wa kulia. Damu ikaingia mferejini, na hicho ndicho kilichokuwa kitu cha kwanza kuwafikia watu wa chini kwa siku nyingi.

Siku mbili baadaye askari wa boma akaja na bunduki yake na kofia yake nyekundu. Amesikia kuna vita vya maji. Akasimama njiani, akawaita washili wote wawili, akauliza nani amemkata nani. Hapo ndipo nilipoona utu uzima ni nini. Mzee Loti, ambaye mpwa wake Yakobo alikuwa amelala na bega limefungwa majani, akasema kwa sauti tulivu, "Kijana alikuwa anafyeka migomba, panga likamponyoka. Vita gani? Sisi ni watu wa mfereji mmoja." Askari akawatazama mmoja mmoja, akatazama jiwe, akapewa kibuyu, akanywa, akaondoka.

Alipokwisha kupotelea kwenye kona, wale wazee wawili walibaki wamesimama. Mshili wetu alikuwa analia. Akamshika Mzee Loti mkono. Mzee Loti akasema, "Tuliinue." Kisha akanyoosha kidole mpaka kwangu nilikokuwa nimejibanza nyuma ya watu. "Lakini kwa wimbo ule ule, na kijana yule yule. Aliyekata ndiye aunge." Wakapanga siku: baada ya siku mbili za soko kupita.

Nilitamani ardhi inimeze. Jioni hiyo nilikwenda kwa mama yake Nasinyari kuomba radhi. Yakobo alikuwa amelala kwenye ngozi, uso umegeukia ukutani. Hakugeuka. Nasinyari alikuwa anasaga. Nikasema pole yangu, ndefu, ya maneno mazuri. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, bila kuacha kusaga:

"Nilikwambia. Nilikwambia kwa mdomo wangu kwamba pumzi haitoshi. Ukasema ninakawia."

"Nilikosa."

"Kaka yangu hawezi kushika jembe, na wewe umeniletea pole." Akaacha kusaga, akanitazama. "Njoo kesho kanisani na gita. Na ukija, njoo na masikio."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Filipo. Nilimkuta anamenya ndizi. Hakuniambia karibu. Alisema, "Haya, niambie tena. Watu hawaji kusikiliza kidole kinatambaa?"

Nikainama, nikamwokotea maganda.

"Nimekuuliza."

"Mwalimu, nifundishe."

"Nimekufundisha miezi mitano!" akafoka, na ndizi ikamtoka mkononi. "Miezi mitano namwaga maji juu ya jiwe! Leta hilo gita."

Na hapo, mwanangu, ndipo nilipojifunza hili ninalotaka wewe ulijue, kwa hiyo acha kutazama kuku. Filipo alinionyesha kwamba vituo havijatengana. Vinaingiliana, kama migomba ya watu wawili waliopakana: shina liko kwako, jani liko kwa jirani. Sauti ile ile ambayo kidole kidogo huibonyeza mwishoni mwa kituo cha pili, ndiyo kidole cha shahada huipokea mwanzoni mwa kituo cha tatu. Chuma ni kile kile, uzi ni ule ule. Huhitaji kuruka popote, ulishafika, ila hujui. Akanifanyisha: kidole kidogo kibonyeze, kidole cha shahada kitambae juu ya uzi bila kuinuka mpaka kikikute, kikipokee, na kidole kidogo kiondoke. Kupokezana tu, kama watu wanavyopokezana mtoto. Na gumba nyuma ya shingo lisikabe, likae legelege, litangulie kidogo. Ukilikaza gumba, umeufunga mkono mzima kamba.

Siku ya kwanza nilifanya kituo cha pili na cha tatu tu. Asubuhi mpaka jioni. Nyuzi zile za utumbo zilinichubua mpaka nikaacha damu kwenye shingo. Filipo alipita, akatazama, akasema, "Bado unatazama mkono. Mkono hauimbi." Akaenda. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yangu.

Kanisani Nasinyari naye alinifundisha lake, ambalo hata Filipo hakunipa. Aliweka mkono kooni mwake, akasema, "Angalia hapa. Nikivuta pumzi, vuka. Usivuke nikiwa katikati ya neno." Sikuwahi kufikiria kwamba mwimbaji anavuta pumzi! Nilikuwa nimepiga naye mara tatu na sikuwahi kumtazama. Basi nikawa namtazama koo. Anavuta pumzi, kidole changu kinatambaa, kinapokea, na neno linalofuata linanikuta nimekwisha kufika. Mara ya kwanza tulipofika juu pamoja, aliurudia wimbo toka mwanzo, kuhakikisha kama nimebahatisha. Hakunionea huruma hata kidogo, na alikuwa na haki.

Siku ya kupatana kwa mara ya pili watu walikuja wachache, na hakuna aliyecheka. Yakobo alikuja, mkono umefungwa kifuani. Alisimama mahali ambapo lazima nimwone. Washili wakainama. Nasinyari akaanza chini. Tulipofika pale, akavuta pumzi, nami nikavuka. Uzi ulitoa mkwaruzo mdogo, kama panya kwenye majani, lakini sauti haikukatika. Akavuta tena, nikavuka tena. Akafika juu. Jiwe likainuka.

Maji yalipita katikati ya miguu ya wale wazee wawili, machafu kwanza, na majani makavu mbele yake, kisha yakasafika. Wanawake wa chini wakapiga vigelegele na kuanza kukimbia kuyafuata, ili wawahi kuyafungulia mashambani. Wengine hawakungoja nyama. Mimi niliweka gita chini. Filipo alinijia, akalichukua, akalipangusa kwa kanzu yake, akasema, "Umechelewa miezi mitano." Lakini alinishika bega.

Usidhani mambo yote yalikwenda sawa baada ya hapo. Bega la Yakobo lilipona vibaya, hakuweza tena kuinua jembe juu ya kichwa, na mpaka anakufa alinisalimia kwa kinywa tu. Nilimlimia shamba lake misimu mitatu, hakuwahi kuniambia asante, na sikuwahi kuidai. Nasinyari aliolewa na mtu wa kule Ngarenanyuki, akapata watoto saba, na nilipokutana naye uzeeni, aliniuliza jambo moja tu: "Unatazama koo za watu siku hizi?" Nikacheka, yeye hakucheka sana. Na vita vya Mdachi na Mwingereza vilipoanza, Mwalimu Filipo alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Hakurudi. Hatukujua amezikwa wapi. Majuto ni mjukuu, na mimi huyu mjukuu nimeishi naye maisha yangu yote.

Sasa wewe. Najua unanisikiliza kwa sikio moja, na la pili liko kwenye nyuzi. Umeniambia juzi kwamba huko mjini wenzako wanakusifu kwa kuvijua vituo vyote. Nimechoka kusikia neno hilo! Kijana wa siku hizi anajua mahali pengi, lakini njia ya kutoka hapa kwenda pale haijui. Mnajua kanisani na mnajua kilabuni, mnajua kwa baba na mnajua kwa marafiki, na kila mkihama mnainua mkono wote, mnaacha kila kitu, mnatua kama panzi. Kisha mnashangaa kwa nini mambo yanakatika.

Basi nakwambia wazi, ili kesho usiseme babu aliongea kwa mafumbo. Kila siku, kabla hujapiga wimbo wowote wa kuwafurahisha watu, shika uzi mmoja na kidole kimoja, panda na kushuka shingo yote, taja sauti kwa majina. Kisha chukua vituo viwili vilivyopakana, viwili tu, ujue sauti gani ni ya wote wawili, na hapo ndipo pa kuvukia. Usiende kwenye cha tatu mpaka mke wa jirani asijue umevuka saa ngapi. Gumba lilegee. Usitazame mkono, mtazame anayeimba, na uvuke anapovuta pumzi. Mtu akikwambia unamwacha, usimjibu kwamba anakawia. Amini kwanza, jibu baadaye. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, usijifiche nyumbani. Rudi pale pale ulipokatia, mbele ya wale wale, uunge. Aibu ya kurudi ni ndogo kuliko madhara ya kujificha, nakuapia.

Njoo karibu, nipe huo mkono wa kushoto. Vidole laini hivi! Mungu aliyeuweka mlima huu avihurumie. Akupe mkono usio na pupa na sikio lisilo na kiburi. Akupe mwimbaji wa kukwambia ukweli, na moyo wa kumsikia siku hiyo hiyo anapokwambia. Popote utakapotoka na popote utakapoingia, uvuke salama, na walio pamoja nawe wavuke salama. Amina. Sasa lichukue. Kidole kimoja, uzi mmoja. Na polepole, mwanangu, polepole, kwa ajili ya Mungu.